Kununua Gari Lililotumika Mtwara na Lindi kwa Aliyehamia Kutoka Nchi Nyingine

Mgeni anayehamia Mtwara au Lindi akitokea Mombasa, Moroni, Muscat au London, na hata Mtanzania anayerejea baada ya kuishi ughaibuni kwa miaka mingi, huanza kutafuta gari kwa swali moja: injini yake ikoje? Swali hilo si baya, ila kwa mwambao wa kusini huulizwa mapema mno. Injini ya Toyota iliyochoka ina mbadala wake Dar es Salaam, nayo ikipakiwa leo itapokelewa Mtwara baada ya muda mfupi na fundi ataifunga. Chesesi iliyoliwa na chumvi haina mbadala wa namna hiyo, na kodi ambayo haikulipwa bandarini haiondoki kwa kubadilisha plagi. Kwa sababu hiyo nashauri kila mnunuzi wa huku aanze na karatasi, aingie uvunguni, kisha ndipo afungue boneti.

Kwanza liko suala la kuja na gari lako mwenyewe. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inamruhusu mtu anayehamisha makazi yake kuingiza gari moja bila ushuru, kwa sharti kwamba gari hilo ni lake binafsi na amelitumia nje ya nchi wanachama kwa miezi isiyopungua 12, bila kuhesabu muda ambao gari lilikuwa melini. Ofisa wa forodha atataka ushahidi, yaani kadi ya usajili ya huko ulikotoka ikiwa na jina lako, bima za mwaka huo, na karatasi zinazoonyesha kwamba kweli umehama. Anayenunua gari wiki chache kabla ya kufunga mizigo hapati nafuu hiyo, na ni heri alijue hilo akiwa bado huko.

Hata mwenye haki ya msamaha afikirie usukani uko upande gani. Tanzania huendesha kushoto, na barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ni ya njia mbili tu, huku malori ya saruji kutoka kiwanda cha Dangote kilichopo Mtwara yakipita usiku na mchana. Dereva aliyekaa kushoto katika gari la Oman au Marekani hawezi kuona mbele ya lori bila kulitoa nje gari lake lote, na jambo hilo ni la hatari kila siku ya maisha ya gari hilo. Gari la Uingereza lina usukani wa kulia, lakini barabara za huko humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu, kwa hiyo nalo likaguliwe uvungu kabla ya kulilipia meli.

Asiye na msamaha atalipa kodi kamili, na wengi hushtuka kwa sababu walihesabu bei ya mnada wa Japani peke yake. Kwa viwango vilivyozoeleka, ushuru wa forodha ni asilimia 25 ya thamani ya gari pamoja na bima na nauli ya meli. Juu yake huja ushuru wa bidhaa, ambao ni asilimia 5 kwa injini iliyozidi cc 1000 hadi cc 2000 na asilimia 10 kwa kubwa zaidi, kisha asilimia 30 nyingine ikiwa gari limepita miaka 10, na mwisho VAT ya asilimia 18 juu ya jumla yote hiyo. Ukipiga hesabu kwa gari dogo la cc 1500 lililozidi miaka 10, utaona kwamba kodi inakaribia kulingana na thamani yenyewe ya gari, na tozo nyingine ndogondogo bado hazijaingia. Tena thamani inayotumika ni ile ya mfumo wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), hata kama risiti yako inaonyesha bei ya chini. Viwango huweza kubadilika kila mwaka wa fedha unapoanza mwezi Julai, kwa hiyo hesabu ya mwaka jana isitumike kuagizia gari mwaka huu.

Aliyezoea Kenya, ambako gari lililozidi miaka 8 haliingizwi, atashangaa kuona Toyota IST ya mwaka 2003 ikiuzwa Mtwara kwa bei ya heshima. Huku gari kuukuu halizuiwi, hutozwa zaidi, na ndiyo sababu lililokwisha kuingia na kulipiwa hushikilia bei yake kwa muda mrefu. Mgeni azoee pia kusoma namba. Namba za magari ya kawaida huanza na herufi T, zikafuata tarakimu tatu na herufi tatu, na herufi hizo huenda kwa mfuatano, hivyo watu hutaja ile ya kwanza kati ya hizo tatu wakasema gari ni namba C, namba D au namba E. Herufi hiyo inaeleza gari lilisajiliwa Tanzania lini, haielezi lilitengenezwa lini. Gari la mwaka 2005 linaweza kuwa na namba E kwa sababu limeingia juzi, na dalali mwenye haraka hatakusahihisha ukidhani kwamba ni jipya. Kibao cha njano ni cha gari binafsi na cheupe ni cha biashara, kwa hiyo Noah yenye kibao cheupe ilikuwa ikibeba abiria, na viti, milango na giaboksi vyake vikaguliwe kwa kulijua hilo.

Karatasi

Uuzaji wa magari Mtwara na Lindi hufanyika zaidi kati ya mtu na mtu, kwa kupitia dalali au fundi wa gereji, kuliko kwenye yadi. Hali hii ina faida yake, maana utakutana na mtu aliyeliendesha gari lenyewe na utasikia historia yake. Basi nenda kwa adabu, amkia, kaa chini, ukubali maji ukikaribishwa, kisha sema wazi: "Shikamoo mzee. Gari nimelipenda. Naomba nione kadi yake na kitambulisho chako kabla hatujafika kwenye bei." Muuzaji mwenye gari safi haoni ubaya katika maneno hayo. Anayekwambia kwamba kadi iko Dar es Salaam kwa kaka yake, ila ulipe nusu ili gari lisichukuliwe na mwingine, muage vizuri na uondoke.

Kadi iwe halisi, si kivuli. Linganisha namba ya chesesi iliyoandikwa kwenye kadi na ile iliyochongwa kwenye gari, tarakimu kwa tarakimu, na ufanye hivyo hivyo kwa namba ya injini. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana namba ndefu ya tarakimu na herufi 17 kama ya magari ya Ulaya. Yana msimbo wa aina ya gari, kistari, na namba ya mfuatano; kwa mfano IST ya umbo la kwanza yenye injini ya cc 1300 huanza na NCP60 na ile ya cc 1500 huanza na NCP61 au NCP65. Ukiambiwa ni ya cc 1500 nawe ukasoma NCP60, ama injini imebadilishwa ama unadanganywa. Chuma kilichozunguka namba hiyo kiwe laini, kisiwe na alama za tupa wala mshono wa kuchomelea.

Jina lililo kwenye kadi ndilo linalosumbua watu zaidi. Ni kawaida sana gari kuuzwa mara tatu bila kuhamishwa, kila mnunuzi akikwepa gharama, hadi anayekuuzia anabaki na kadi ya mtu aliyehama Masasi zamani na ambaye simu yake haipatikani tena. TRA huhamisha umiliki kutoka kwa mwenye jina, na anayetakiwa kutia saini ni huyo. Kama mwenye jina amefariki, muuzaji halali ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, akiwa na barua ya uteuzi mkononi. Mtoto mkubwa wa marehemu hana mamlaka hayo kwa sababu tu ndiye anayeliendesha gari, hata kama familia nzima imekaa barazani na kuitikia. Msaidie aende Mahakama ya Mwanzo, kisha rudi taratibu zikikamilika. Wako pia waliokopa wakaweka kadi rehani benki au kwa mkopeshaji wa mtaani, na kwa hao deni lilipwe kwa mkopeshaji mbele yako na kadi itoke hapo hapo.

Kusini mna magari mengi yaliyoingia nchini kwa msamaha wa kodi, kwa ajili ya misheni, miradi ya wafadhili na kampuni za utafutaji wa gesi. Mengi ni Land Cruiser na Hilux zilizotunzwa vizuri, na bei yake huvutia. Msamaha huo ulikuwa wa taasisi, haukuwa wa gari, kwa hiyo likiuzwa kwa mtu asiye na msamaha kodi hudaiwa. Kabla ya kukubaliana bei, andikeni ni nani atakayelipa kodi hiyo, na risiti yake muione kabla fedha haijahama. Gari la serikali au la mradi lililouzwa mnadani liwe na hati zote za mnada, na hakikisha kwamba limeshasajiliwa upya kwa namba ya raia.

Mpaka wa Msumbiji uko karibu. Daraja la Umoja pale Mtambaswala limevusha magari tangu mwaka 2010, na kwa sababu nchi zote mbili huendesha kushoto, magari ya huko yanafanana kabisa na ya huku. Ukikuta gari lenye namba za Msumbiji likiuzwa Masasi au Mtwara kwa bei ya chini, jua kwamba liliingia kwa kibali cha muda, na kulinunua bila kulipia forodha ni kununua kesi. Tahadhari hiyo ihusu pia gari lenye namba za Zanzibar: uliza TRA kodi ya bara inadaiwa kiasi gani kabla ya kusifia wepesi wa bei.

Ukiridhika, nendeni kwa wakili muandike mkataba wa mauziano, kila mmoja akiwa na kitambulisho, picha ndogo na namba ya mlipakodi, yaani TIN. Mgeni anaweza kupata TIN kwa pasipoti na kibali chake cha ukaazi, na asifikirie kukwepa hatua hiyo kwa kuandikisha gari kwa jina la rafiki. Maombi ya kuhamisha umiliki hupelekwa TRA, na ofisi za mkoa ziko Mtwara mjini na Lindi mjini. Malipo ya serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, benki au kwa simu, na hakuna sababu ya kumtumia mtu binafsi fedha ya kodi. Ada ya leseni ya mwaka ya gari ilifutwa mwaka 2017 ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta, kwa hiyo aliyekaa nje tangu kabla ya hapo asikubali kuchangishwa ada hiyo leo. Kinachopaswa kuangaliwa ni deni la trafiki, ambalo huonekana kwenye mfumo wa polisi mtandaoni kwa kuandika namba ya gari. Kosa la kawaida ni shilingi 30,000, na gari lililozoea safari za Dar es Salaam linaweza kuwa limelimbikiza makosa kimya kimya. Bima ihakikiwe kwa njia hiyo hiyo kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, kisha ukate yako kwa jina lako, ndogo (ya kufidia wengine tu) au kubwa (ya kufidia na gari lako), kabla hujaliingiza gari barabarani.

Uvungu

Mtwara, Mikindani, Lindi na Kilwa zote ziko ukingoni mwa bahari, na upepo wake hubeba chumvi hadi ndani ya vyumba, seuze kwenye vyuma vinavyolala nje. Gari lililokaa miaka kumi Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde, na lile lililolala Shangani, mtaa wa Mtwara ulio kando ya bahari, muda huo huo yanaweza kuwa na mwaka mmoja na rangi moja, yakawa na umri tofauti kabisa chini. Mbaya kuliko yote ni lililobeba samaki. Maji ya barafu na chumvi hudondoka kwenye bodi ya nyuma, yakaingia katika maungio ya vyuma na kukaa humo. Kirikuu nyingi, yaani vigari vidogo vya mizigo, zimekufa hivyo huku injini zake zikiwa bado zinaimba. Kwa hiyo uliza gari lilikuwa likifanya kazi gani na lililala wapi, na uwaulize pia majirani, si muuzaji peke yake.

Omba gari lipandishwe kwenye shimo la gereji, asubuhi, kukiwa na mwanga, na uje na tochi, bisibisi na nyundo ndogo. Gonga chesesi kidogo kidogo kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti nzito iliyokufa, na hapo ndipo uchokonoe kwa bisibisi. Simama zaidi pale springi zinaposhikwa, pale shokapu zinapofungwa juu, kwenye mbavu za pembeni chini ya milango, na kwenye mabomba membamba ya breki ambayo hupita uvunguni na mara nyingi husahauliwa hadi siku yanapopasuka. Inua zulia la ndani uone sakafu. Ukikuta uvungu wote umepakwa rangi nyeusi mbichi, usifurahi, na omba ruhusa ya kukwangua sehemu mbili tatu. Kwa bodi ya juu tumia sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa: inapokataa kushika kwenye bodi ya chuma, hapo pana pati, yaani kijazio kilichopakwa chini ya rangi, na pati nene huficha ama ajali ama tundu la kutu.

Kagua pia dalili za mafuriko. Mwezi Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, mvua zilivunja barabara ya Lindi pale Somanga, na maji ya namna hiyo hayachagui gari. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake uone kama una mstari wa tope, nusa zulia, tazama chini ya viti kama reli zake zina kutu isiyolingana na sehemu nyingine, na jaribu kila swichi. Gari lililozama linaweza kutembea vizuri leo, lakini nyaya zake zitaendelea kuoza polepole, na mafundi umeme wenye uvumilivu wa kazi hiyo si wengi.

Ikiwa uvungu umeshindwa, usiendelee mbele kwa sababu bei imepunguzwa.

Injini na mwendo

Fika bila gari kuwashwa, uguse boneti. Likiwa la moto, ngoja lipoe, kwa kuwa injini baridi ndiyo inayosema ukweli. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, mweusi ni mafuta yanayozidi, na mweupe usiokoma hata baada ya kupasha, hasa wenye harufu ya utamu, ni maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda. Fungua kifuniko cha rejeta kabla ya kuwasha: kama maji ni ya kahawia au yana mafuta juu, umepata jibu. Muulize fundi kama thamostati ipo, maana mafundi wengi wa huku huitoa wakidhani kwamba inasababisha joto, na gari lisilo nayo hula mafuta zaidi na kuchakaa mapema. Kwa Toyota zenye injini ya 1NZ, ambayo ndiyo ya IST nyingi, mnyororo wa ndani hudumu ukibadilisha oili kwa wakati, lakini RAV4 za zamani zenye 3S zina mkanda wa taimingi unaopaswa kubadilishwa karibu na kila kilomita 100,000, na kama hakuna anayekumbuka ulibadilishwa lini, hesabu gharama yake kwenye bei. Noah zenye injini ya D-4, yaani ile inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, zinahitaji fundi anayezijua kweli, kwa hiyo mtafute huyo kabla ya kulitafuta gari.

Kilomita za dashibodi zisikutawale. Hurudishwa nyuma kwa urahisi, na ukweli uko kwenye pedali ya breki, ukingo wa kiti cha dereva na ngozi ya usukani. Tairi husema mwaka wake: tarakimu nne za mwisho za msimbo wa pembeni ni wiki na mwaka, hivyo 2319 ni tairi ya wiki ya 23 ya mwaka 2019, hata kama kashata zake bado ni ndefu.

Jaribio lifanyike kwenye barabara ambayo gari litaishi nayo. Anayekaa mjini Mtwara na kusafiri kwa lami hadi Lindi au Dar es Salaam anatosheka na gari dogo, na atashukuru kila anapojaza mafuta. Anayefanya kazi Liwale, Msimbati au vijiji vya ndani vya Tandahimba ana mchanga wakati wa kiangazi na tope kuanzia Desemba hadi Aprili, na anahitaji gari lililoinuka, hata likiwa kuukuu. Kama utapanda Newala kutokea Masasi, lipandishe gari mlima ule likiwa na watu wanne, uangalie mshale wa joto, kisha ushuke nalo ukisikiliza breki. Hakuna gereji itakayokupa taarifa nzuri kuliko hiyo.

Bei na malipo

Minada ya korosho huanza mwezi Oktoba, na fedha za wakulima zikiingia kupitia vyama vya ushirika, wenye kutafuta pikipiki na magari huongezeka. Asiye na haraka anunue msimu ukiwa umepita, karibu na Machi na kuendelea, wakati waliojinunulia kwa pupa wanapoanza kuhitaji ada za shule na mbolea. Dalali mwaminifu ni msaada mkubwa kwa mgeni, lakini mkubaliane ujira wake mapema na ukutane na mwenye gari ana kwa ana, ili cha juu, yaani kile dalali anachoongeza kwenye bei ya mwenye gari, kisije kikawa kikubwa kuliko punguzo ulilolipata. Lipa benki, kwenye akaunti yenye jina lile lile lililo kwenye kadi na kwenye mkataba.

Gari la kufufua

Wako wanaopenda kununua gari lililosimama na kulirudisha uhai, na kusini kuna vitu vya kuwashika: Land Rover 109 na 110 zilizoachwa kwenye mashamba ya korosho, Land Cruiser za zamani nyuma ya misheni, Hilux zilizosimama tangu mwenyewe afariki. Ni kazi nzuri nami naiheshimu, ila inadai subira na daftari la hesabu. Usinunue gari la namna hiyo kama ndilo litakalokupeleka kazini kesho.

Kwa Land Rover, usidanganywe na bodi. Bodi yake kubwa ni ya aloi ya aluminiamu, haioti kutu nyekundu, na hung'aa hata baada ya miaka hamsini, lakini chesesi ni ya chuma chenye uwazi ndani, huoza kutokea ndani kwenda nje, na pale aluminiamu inapogusana na chuma katika hewa ya chumvi zote mbili hulana. Gonga mikono ya pembeni na boriti ya nyuma kwa nyundo. Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ ni rahisi zaidi kuifufua, kwa sababu injini hiyo ya silinda sita na lita 4.2 inajulikana na karibu kila fundi wa dizeli kuanzia Kilwa hadi Tunduru, na spea zake hazitafutwi kwa tochi. Gari lisilo na kadi, hata likitolewa bure, liache lilale. Utalijenga kwa miaka miwili na hutakuwa na jina la kuliandikia.

Mpate fundi mkuu mmoja atakayewajibika, kisha wa bodi na wa umeme waje kwa zamu yake. Nunua spea mwenyewe, ukituma sampuli au namba ya spea kwa mtu unayemwamini Kariakoo, na zije na basi zikiwa na risiti. Mlipe fundi kwa hatua iliyokamilika badala ya kumkabidhi fedha yote siku ya kwanza, na hatua hizo ziandikwe. Anza na chesesi na kuchomelea, fuata breki na usukani, halafu injini na giaboksi, kisha nyaya, na rangi iwe ya mwisho kabisa, baada ya gari kupita katika msimu mmoja wa mvua na kuonyesha panapovuja. Wakati wote huo lilale chini ya paa, mbali na ufukwe, likiwa limeinuliwa juu ya matofali ili tairi na springi zipumzike, na uvungu uoshwe kwa maji ya bomba yasiyo na chumvi kila linapotoka kwenye barabara ya pwani.

Ukibadilisha injini au rangi, peleka taarifa TRA kadi irekebishwe. Tunza risiti ya injini iliyoingia na hati ya ilikotoka, kwa kuwa askari atakayekusimamisha njiani atasoma kadi kwanza, kisha atainama kusoma namba ya injini, na viwili hivyo vinapaswa kusema jambo moja.